Kopo la Mwaka wa Arobaini na Tano

Nina umri wa miaka arobaini na minne, na nimekuwa nao kwa miaka thelathini na moja.

Nasema hivi bila majigambo na bila kuomba pole. Kuna watu wana kibyongo, kuna watu wana mashamba, mimi nina arobaini na minne. Katika mji wetu jambo hili si muujiza. Ni uzembe, au ni ukaidi, inategemea unamuuliza nani. Mji wetu hauna kalenda ukutani wala saa mnarani, na mwaka haumpati mtu kwa kupita tu. Humpata kwa kumwagiwa. Siku uliyozaliwa ikirudi, mtu wako anajaza kopo maji, anakusimulia ulivyozaliwa tangu mwanzo hadi mwisho, kisha anakumwagia utosini. Maji yakifika unyayoni, umeongeza mwaka. Yasipofika, hujaongeza. Ndiyo maana kila nyumba ya mji huu ina kopo limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, limeinamishwa kichwa chini, na mgeni akiliona halisemi.

Masharti ni machache na hakuna aliyeyaandika. Mvua haihesabiki, kwa sababu mvua haikujui. Anayemwagiwa hasemi neno mpaka maji yaishe. Anayemwaga awe alikuwepo ulipozaliwa, au alisimuliwa na aliyekuwepo. Simulizi ya mkono wa tatu maji hayaikubali. Na huwezi kujimwagia mwenyewe.

Hili la mwisho nimelitafuna miaka mingi, maana nilikuwa na nafasi. Siku ya kuzaliwa kwangu nilikuwepo. Hakuna aliyekuwepo kuliko mimi. Lakini nikiitwa kutoa ushahidi sina la kusema: sikumbuki nani alishika taa, nani alicheka, kulikuwa na joto au baridi. Siku ninayoiita yangu nimesimuliwa kama habari ya mtu mwingine. Basi ni ya nani? Ya mama aliyeumwa uchungu? Ya mkunga? Au ni kama nyumba ya kupanga, ninaishi ndani yake, naipaka rangi, naalika watu, na siku moja nagundua kwamba ufunguo wa lango kuu sijawahi kuushika? Nilikuwa na majibu nilipokuwa mdogo, yakapungua kadiri nilivyojibiwa.

Simulizi yangu ilikuwa fupi. Mama alikuwa akianika makopa ya muhogo uani, ilikuwa kipupwe. Uchungu ukamshika kabla ya wakati wake. Mkunga akaja mbio, na alipofika akakuta amesahau wembe, akarudi kwake kuufuata. Alipokuwa njiani nikatoka, sikumsubiri mtu. Wakati huohuo mbuzi wa jirani akaingia uani na kuanza kula makopa, na mama, palepale alipolala, akapiga kelele, "Mfukuzeni huyo!" Kwa hiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia duniani yalikuwa ya kumfukuza mbuzi. Kisha mama akanitazama, akasema, "Kumbe ni wewe."

Iliishia hapo kila mwaka. Maji yalimwagwa juu ya neno hilo, *wewe*. Mama alitusimulia mlango ukiwa umefungwa, mimi na mdogo wangu Sikitu tu, kwa sababu aliamini simulizi ikisikiwa na wengi inachujuka. Sikitu alisimama kando ameshika taulo. Siku yake yeye ilikuwa mwezi mwingine, na siku hiyo taulo nilishika mimi.

Nilipokuwa na miaka saba niliipenda siku ile mpaka nikataka iwe mara mbili kwa mwaka. Mama alipasha maji yawe ya uvuguvugu kwa sababu ya baridi, na kwenye "mfukuzeni huyo" alibadili sauti, tukacheka kana kwamba hatukujua linakuja. Nilipofika ishirini na kitu, kopo la mama halikunitosha tena. Mji una desturi nyingine ya vijana: marafiki hukuvizia na ndoo, na unga, na mayai. Maji yale hayaongezi umri, yanaongeza kelele tu. Nilijidai sitaki. Nilijidai nimesahau kabisa ni siku gani. Kisha nilipita kwenye kona ileile mara tatu, polepole, ili waliojificha wasipate taabu ya kunitafuta.

Miaka ya thelathini ilikuja na tabia mbaya. Nikaacha kuwatazama waliokuja nikaanza kuwatazama ambao hawakuja. Nikajiuliza mwaka nilioumwagiwa nimeufanyia nini, na kila nilichokishika nilikiona kidogo. Kufikia thelathini na sita niliiita siku ile upuuzi wa watoto. "Mimi si wa kumwagiwa maji mchana kweupe," nilimwambia Sikitu. Akanikagua kuanzia kichwani akaniuliza mbona basi nimevaa gauni jepesi linalokauka upesi. Nilikuwa nimelivaa makusudi, kwa tahadhari tu.

Na mama, nikiwa katika ghadhabu zangu hizo, alikuja kila mwaka na kopo lake, akanikalisha kwenye kigoda, akanisimulia mbuzi. Sikucheka tena. Yeye alicheka peke yake, na akamwaga.

Kisha akaugua. Siku ya kutimiza arobaini na mitano ilipokaribia, nilitaka kumfurahisha. Nilitaka aone kwamba nimepatana na siku yangu. Nikaagiza keki kubwa kwa mwokaji wa mjini, na asubuhi ile nikamwacha mama kitandani, Sikitu akiwa naye, nikaenda kuichukua mwenyewe. Nilikuta sukari ya juu ameipaka waridi. Nilikuwa nimesema buluu. Niligombana naye, nikamsimamia aikwangue yote na kuanza upya, na sukari haikauki kwa kuamriwa. Niliporudi na boksi mikononi, jua lilikuwa limepanda, mlango ulikuwa wazi, na mtu alikuwa amemwaga maji kizingitini. Niliyakanyaga, yakaingia kwenye viatu, nikakasirika. Nilisema kwa sauti, "Nani huyu mzembe?" Ndipo nikasikia kilio ndani.

Mama alikufa mimi nikigombania rangi. Nimelisema mara nyingi kiasi kwamba halinichomi tena likitamkwa. Linanichoma nikikaa kimya.

Jioni yake Sikitu, macho yamevimba, alilishika kopo. Alisema mila ni mila, na simulizi anaijua. Nikamzuia. Hoja yangu ilikuwa safi, na mpaka leo sijapata aliyeivunja. Nikimwagiwa, nimeingia mwaka mwingine. Nikiingia mwaka mwingine, mama atakuwa amekufa mwaka jana. Mwaka utakaofuata atakuwa amekufa mwaka juzi. Baada ya hapo atakuwa amekufa *zamani*, na watu wataanza kumtaja huku wanatafuna. Lakini nikibaki arobaini na minne, mama amefariki leo. Ubani bado unanukia. Nikiwahi kidogo tu, nikiacha kubishania buluu, huenda nikamkuta.

Kwa hiyo sikumwagiwa. Waombolezaji walipoanua matanga nikawakatalia jamvi la sebuleni, na mpaka leo limetandikwa. Mwaka wa kwanza Sikitu alinifuata na kopo hadi sokoni, nikamkimbia. Mwaka wa pili nilijifungia. Akasema kupitia tundu la ufunguo, "Dada, kuna jambo mama alilifanya siku ile, nifungulie nikwambie." Nikaziba tundu kwa kitambaa. Sikutaka jambo lolote la siku ile liwe na mwisho. Mwaka wa tano akaacha kuja na kopo, akawa anakuja na chakula.

Mambo mengine yalijipanga yenyewe. Sikitu alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitatu. Mwaka wa tatu tukawa sawa, na tulicheka. Mwaka wa nne alifika mlangoni ana arobaini na mitano, tukasimama tukitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Tangu aanze kusema alikuwa akiniamkia mimi. Mwishowe nikainamisha kichwa. "Shikamoo," nikasema. Alichelewa sana kuitikia. Akasema "Marahaba" kwa sauti ndogo, na siku hiyo hakukaa kula.

Binti yake, Mashavu, nilimwogesha akiwa na siku tatu. Aliniita mama mkubwa, kama ilivyo haki ya dada wa mama yake. Mama yake aliponipita akaniita mama mdogo. Miaka ikaenda, naye akanifikia, akawa ananiita shoga, kisha akanipita, na sasa ananiita Semeni, jina langu tupu, kama unavyomwita mtu uliyemtuma dukani. Sikumchukia. Nilitazama majina yangu yakiondoka moja moja, na nilishangaa jinsi yalivyokuwa mepesi. Nilidhani mama mkubwa ni mimi. Kumbe ilikuwa ni mahali nilipokuwa nimesimama, na nilipoacha kutembea, wengine wakapita na mahali pale pakabaki wazi.

Jambo moja tu sikulielewa. Viatu vya mwaka ule vilianza kunibana tangu wiki ile ya msiba. Uso ulibaki uleule, mikono ileile, lakini visigino vilipasuka kidogo na vidole vikatanuka. Nikasema ni kuvimba kwa kulia. Baadaye nikaacha kusema kitu, nikawa navaa kandambili.

Leo asubuhi Mashavu amepiga hodi.

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba, Semeni." Hakukaa. Alibaki kwenye ukingo wa jamvi, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, kanga imefungwa ovyo. "Nimekuja kwa ajili ya mama. Mama anasahau."

"Wazee husahau."

"Usinijibu kama mtu wa barazani. Anasahau, nakwambia. Juzi aliniuliza mimi ni mke wa nani. Jana kaweka chumvi kwenye chai, kanywa, kasifia. Leo tangu alfajiri kajaza kopo, kakaa nalo uani. Nikimuuliza la nani, anasema, 'La dada.' Baada ya kidogo ananiuliza mimi, 'Hili kopo la nani?'"

Nilijua ni siku gani leo. Mtu anayeikimbia siku huijua kuliko anayeisubiri.

"Simulizi yako iko kwake tu," Mashavu akasema. "Mimi bibi hakunisimulia. Mama akinisimulia mimi, ni mkono wa tatu, haifai kitu. Ikimtoka kichwani leo, kesho hakuna mtu chini ya jua wa kukumwagia. Utabaki hivyo hivyo. Tutakufa sote, wajukuu zangu watakuzidi, utawaamkia. Wewe unalitaka hilo?"

"Na nikimwagiwa? Miaka thelathini na moja haitakuja kwa zamu, Mashavu. Itakuja yote."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Mimi sikuyavulia nguo."

"Ulizaliwa," akasema, "sasa kuvua nguo gani tena?" Akatoka. Kandambili zake zikasikika mpaka mwisho wa uchochoro.

Nikabaki na hoja yangu safi. Niliitandaza juu ya jamvi kama nguo ya kukaguliwa. Nikibaki, mama amefariki leo. Kweli. Lakini amefariki leo kwa miaka thelathini. Kila nikiamka anakufa tena, na kila siku nachelewa kwa saa zilezile. Nani amefaidika? Yeye hafaidiki. Kufa mara moja kunamtosha mtu. Na mimi ninayemlinda asiwe wa zamani, simtembelei kaburini, kwa kuwa mtu aliyefariki leo bado hana kaburi. Simtaji kwa kicheko. Nimesahau anavyobadili sauti kwenye mbuzi. Hilo ndilo lililoniogopesha. Nilijaribu kuisikia sauti ile, nikasikia yangu.

Na upande wa pili? Sabini na tano. Magoti. Meno. Kuingia uzeeni bila kupita hamsini, bila kujua sitini ina ladha gani. Sitapata kurudishiwa hata mwaka mmoja niliouacha mlangoni. Nilihofu. Nasema wazi, nilihofu. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa kinaisha kweli asubuhi ile, nacho kilikuwa kichwani mwa mdogo wangu, kikivuja.

Nilitwaa gauni jepesi linalokauka upesi. Lilikuwa bado lipo.

Sikitu alikuwa uani kwake kwenye kiti, kopo mapajani, mikono yake imelizunguka. Mashavu alisimama nyuma yake na taulo. Nilivuta kigoda nikaketi mbele yao, chini, kama nilivyokuwa nikiketi. Mdogo wangu alikuwa kizee. Nilikuwa nimemwona juma lililopita, na nadhani sikuwa nimemtazama. Aliniangalia kwa adabu anayoangaliwa nayo mgeni.

"Mama," Mashavu akasema, "aliyekuja kumwagiwa huyu hapa. Msimulie."

"Eh." Akakaa sawa. "Mama alikuwa anaanika makopa. Uani. Kipupwe hicho, baridi." Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilitembea. "Uchungu huo. Mkunga kaja mbio, kasahau wembe. Karudi. Mtoto huyo katoka, hakungoja mtu. Mbuzi akaingia. Mbuzi akala. Akala..." Akasita. "Mbuzi akala, halafu mama akasema."

Kopo liliinama, maji kidogo yakamwagikia kanga yake. Mimi nilikuwa najua. Maneno mawili, yalikuwa yamejaa mdomoni mwangu, na sharti ni sharti: anayemwagiwa hasemi. Niliuma midomo. Mashavu alinitazama kama anayenisihi nimzuie mtu asianguke.

"Mama akasema," Sikitu akarudia, na uso wake ukabadilika, ukapata mahali pa kushika. "Akasema, 'Semeni yuko wapi?' Nikamwambia, mama, katoka kufuata keki. Akasema, 'Mbona anachelewa? Nipe kopo.' Nikampa. Nikasema, mama, utamwagaje umelala? Akasema nijaze. Nikajaza. Akasema nimwinue, nikamwinua, nikamweka pale mlangoni, mwepesi kama kapu. Akasimulia yote. Makopa, wembe, mbuzi, yote, na sauti akabadili. Mimi nimeshika taulo, hakuna wa kumfuta. Nikamwambia, mama, mwenyewe hayupo. Akasema, 'Atarudi.' Akamwaga kizingitini. Akasema, 'Atayakanyaga akirudi.' Ndipo akaniambia nimlaze."

Nilitazama chini, kwenye miguu yangu. Visigino vilivyopasuka. Vidole vilivyotanuka siku ile na kukataa viatu. Miaka thelathini nilikuwa nimesimama juu ya arobaini na mitano yangu, na nilichosema nilipoikanyaga ni, nani huyu mzembe.

Nililia, bila neno, maana bado sikuruhusiwa. Sikitu alisikia mtu analia. Akainamisha kichwa, akanisogelea, akanitazama kwa muda mrefu. Nikaona kitu kikipanda machoni mwake polepole kutoka mbali.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Akamwaga.

Yalikuwa ya uvuguvugu. Alikuwa ameyashika tangu alfajiri. Yalipita shingoni na shingo ikaniinamia. Yalipita mabegani, kiunoni. Magoti yalijaa kitu kizito. Meno mawili yalilegea na mikono iliyokuwa mapajani mwangu ikawa ya mama, mishipa na madoa na yote. Hayakuuma. Yalipofika miguuni hayakukuta kazi kubwa. Mashavu alikuja na taulo, akanifunika kichwa, akanifuta kwa upole wa mtu anayefuta kitu cha zamani, na nikamsikia akisema kwa kunong'ona, "Pole, mama mkubwa."

Sikitu alikuwa bado ananitazama, kopo tupu mkononi. Alijiweka sawa kwenye kiti, akavuta kanga mabegani, kama mtoto aliyekumbushwa adabu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Akatabasamu. Akageuza macho uani, huku na huku, akitafuta. Mlangoni. Jikoni. Kwenye kamba ya nguo.

"Mama yuko wapi?" akaniuliza.

Nililichukua lile kopo mkononi mwake, nikaliweka chini, nikamshika mikono yote miwili.

"Mama alifariki, Sikitu," nikamwambia. "Zamani."